Maswali na Majibu: Nani Huiongoza Seli Changa ya Kinga?

Seli T na seli B zote asili yake ni uboho wa mifupa. Nani huamua hii iwe T na ile iwe B? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro)

T na B ni aina mbili za chembe nyeupe za damu zinazoukinga mwili, na huamuliwa na jirani. Seli changa hutoka kwenye uboho, hupita kwenye damu na kufika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Seli za tezi hiyo zina protini iitwayo DLL4 kwenye utando wake, na seli changa ina kipokezi kiitwacho Notch. Zikigusana, DLL4 huvuta, Notch hukatwa, na kipande chake cha ndani huingia hadi kwenye kiini na kuwasha jeni za seli T. Ni mguso tu, basi. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba panya wakiondolewa Notch1, aina mojawapo ya Notch, thaimasi yao hujaa seli B. Wengine wakaonyesha kinyume chake: Notch ikiwashwa muda wote, seli T huanza kukua humo humo kwenye uboho. Kwangu mimi ushahidi wa pande mbili namna hiyo hauachi shaka.

Hapa kliniki tunapima CD4 kila siku. Seli hizi hutengana vipi na za CD8? (Muuguzi, Kitale)

Kabla ya kutengana, kila seli T changa hubeba CD4 na CD8, protini mbili za kwenye utando wake, kwa pamoja. Ndipo kipokezi chake cha kutambua vijidudu (si Notch) hujaribiwa kwa vipande vya protini za mwili wenyewe. Isiyoshika chochote haipati ishara, hufa. Inayoshika kwa nguvu kupita kiasi nayo mara nyingi huuawa, maana ingekuja kuushambulia mwili. Zinazosalia ni chache mno. Kwa hizo, muda wa ishara ndio huamua: ikiendelea bila kukatika, seli hubaki na CD4, ikikatika, huelekea CD8. Kwa hiyo kila seli katika hesabu mnayoandika kwenye kadi ya mgonjwa ilishapita mtihani huo.

Nimesikia mtoto anaweza kuzaliwa bila kinga ilhali hana VVU. Ni kweli? (Mama, Tanga)

Ni kweli, mama, ingawa ni nadra. Seli T changa huhitaji ujumbe wa intalukini ya 7, protini inayobeba habari kati ya seli, ili ziishi na kuongezeka. Kipokezi chake kina sehemu iitwayo mnyororo wa gama, ambayo ndani ya seli huamsha kimeng'enya cha JAK3, nacho hupeleka habari mbele hadi kwenye kiini. Jeni ya mnyororo huo iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana wanaougua karibu wote ni wavulana. Ikiharibika, seli T hazipatikani, na seli B, hata zikiwepo, hazitengenezi kingamwili (protini za kupambana na vijidudu) ipasavyo. Mmarekani David Vetter, aliyezaliwa mwaka 1971 na hali hiyo, aliishi ndani ya chumba cha plastiki kisicho na vijidudu hadi siku zake za mwisho. Alifariki mwaka 1984.

Leo upandikizaji wa uboho huokoa wengi, hasa ukifanywa mapema. Sasa naomba unisikilize vizuri: BCG, chanjo ya kifua kikuu, ina bakteria hai waliodhoofishwa, ambao wanaweza kumdhuru mtoto asiye na kinga. Kwa watoto karibu wote ni salama na inawakinga, msiiache. Ila kama kuna mtoto katika ukoo, hasa wa kiume upande wa mama, aliyefariki akiwa mchanga kwa maambukizi yasiyokoma, mwambie muuguzi kabla mwanao hajachanjwa. Utando mweupe mdomoni usioisha, kuharisha kwa wiki nyingi, nimonia zinazorudi na kutoongezeka uzito vinahitaji daktari wa watoto haraka.

Dawa za mitishamba za "kuongeza kinga" zinaweza kumsaidia mtoto huyo? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Jeni ndiyo yenye kasoro, na hakuna mzizi unaoirekebisha. Zitamchelewesha kufika hospitali.

Je, ni kweli thaimasi huisha ukubwani? (Mzee, Unguja)

Haiishi, mzee wangu, husinyaa. Baada ya balehe nafasi yake kubwa huchukuliwa na mafuta, na seli T mpya hupungua mwaka hadi mwaka. Zile za zamani huishi muda mrefu na kujigawa zenyewe, zikiendelea kutegemea intalukini ile ile ya 7.