Kubandua stika ya mwenye gari wa zamani na kubandika yako

Swali: Nimenunua gari lililotumika ambalo mmiliki wa awali alibandika stika ya chama cha siasa kwenye bampa ya nyuma. Mimi ningependa mahali hapo pakae neno la imani yangu. Niiondoeje bila kuharibu rangi, na stika mpya iwe ya namna gani? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ndugu msomaji, usianze na kisu wala thina. Bampa za magari ya siku hizi ni plastiki iliyopakwa rangi, na thina inayoyeyusha gundi huyeyusha na rangi hiyo pia. Ipashe stika joto kwa draya ya kukaushia nywele mpaka gundi ilegee, inyanyue pembe moja kwa ukucha, kisha ivute polepole huku ukiilaza karibu na bampa. Gundi itakayobaki ipake mafuta ya kula, iache ilainike, uifute, halafu uoshe vizuri kwa sabuni, kwa sababu stika haishiki penye mafuta.

Hata hivyo, ikiwa stika hiyo ilikaa juani miaka mingi, rangi iliyokuwa chini yake haikupauka kama ya pembeni, hivyo umbo lake litaendelea kuonekana hata gundi ikiisha, na gari litazidi kukitangaza chama ambacho pengine hukukipigia kura. Polishi hupunguza tofauti hiyo, ila mara nyingi haiimalizi. Dawa nyepesi ni stika yako kuwa kubwa kuliko ya zamani.

Chagua ya vinili yenye utando wa juu unaokinga jua, si ya karatasi, na maandishi yawe meusi, kwani nyekundu na njano hutangulia kupauka. Wachora mabango hukadiria kimo cha herufi cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Kwa kuwa bampa ni nyembamba, aya nzima ya maandiko, iwe nzuri vipi, haitasomwa na dereva aliye nyuma yako kwenye foleni, ilhali maneno matatu au manne yatasomwa.

Wapo wanaopendelea kioo cha nyuma. Siwapingi, lakini ukibandika kwa ndani juu ya nyuzi za kuondolea ukungu, siku ya kubandua utazing'oa pamoja na stika. Bandika kwa nje, pembeni, pasipokuzuia kuona nyuma, na usilioshe gari mpaka kesho yake.