Maswali yenu: waya, sheha na mkarafuu

Barua nne wiki hii. Nyengine zisubiri.

Maalim, baba anasema Unguja tuliangalia televisheni ya rangi na Dar hawana hata ya nyeusi na nyeupe. Kweli, au majigambo ya wazee? (Kikwajuni)

Kweli tupu. Televisheni Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mzee Karume ndiye aliyeitaka, akauawa Aprili 1972 kabla haijawashwa. Bara walingoja mpaka 1994, na tatizo halikuwa mafundi: serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni ni anasa. Sisi tuliweza kwenda njia yetu kwa kuwa utangazaji haukuwamo katika mambo ya Muungano. Posta na simu zimo tangu 1964. Ndiyo maana hadi leo redio ya hapa inaomba leseni Tume ya Utangazaji Zanzibar, lakini laini iliyo mfukoni mwako msimamizi wake ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Muungano.

Ule umeme uliokatika miezi mitatu, sisi Pemba haukutugusa. Kwa nini? (Wete)

Kwa sababu mlikuwa nyuma, ndugu yangu, na safari ile kuwa nyuma kulikuwa neema. Unguja tangu 1980 ilitegemea waya mmoja uliopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Nyinyi mlikuwa na majenereta yenu ya dizeli pale Wesha, ya ghali na makelele, lakini yenu. Umeme wetu ulipokatika Disemba 2009 tukakaa gizani hadi Machi 2010. Giza si kitu, karabai zipo. Kilichotuuma ni maji: pampu za visima zataka umeme, mifereji ikakauka, mji mzima tukabeba madumu. Mwenye jenereta akawa bwana wa mtaa, tukimpangia foleni kuchaji simu. Giza la mwaka mmoja nyuma, lile la mwezi mmoja la 2008, mwanauchumi Alfredo Burlando alilichunguza, akakuta kiasi cha miezi tisa baadaye uzazi umeongezeka. Msinicheke. Pemba mliungwa na Tanga 2010, nanyi kwa waya mmoja. Unguja ikaongezewa mwengine, wa megawati 100, mwaka 2013.

Kila kitu kimeingia kwenye kompyuta. Kitambulisho bado chataka barua ya sheha ya nini? (Makunduchi)

Kompyuta haimjui bibi yako. Sheha, mkuu wa mtaa au kijiji chenu, anamjua, au anadai anamjua. Na kwa kuwa bila Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi huandikishwi kupiga kura ya Zanzibar, neno lake moja lazito kuliko mashine zote za ofisini. Mimi ningetaka kitu kimoja: akikataa, aandike sababu, kwa jina lake na tarehe.

Droni zilipita juu ya konde yangu. Picha zake zitanisaidia katika ugomvi wa mpaka? (Micheweni)

Kidogo. Kamisheni ya Ardhi na SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, walianza kupiga picha visiwa hivi kwa droni mwaka 2016, na ni picha safi, utauona kila mkarafuu. Ila hutamuona aliyeupanda, na kwetu mti huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine. Kama konde ni katika zile eka tatu serikali ilizogawa baada ya Mapinduzi, itafute hati ya babu, uende nayo Kamisheni pamoja na huyo mnayegombana naye. Na kama yupo mzee aliyeshuhudia siku inapimwa, mkodie gari.