Mteja akikuuliza: mnyama huyu alikufa kwa ajili ya makubazi yangu?

Fundi mmoja wa makubazi wa hapa Mwanza ameniandikia ujumbe wenye hasira. Mteja wake, dada aliyeacha nyama, amemrudishia makubazi na kumwambia hawezi kuvaa mateso ya mnyama. "Nimjibu nini? Ng'ombe sikumchinja mimi, nimenunua ngozi tu."

Jibu hilo, fundi wangu, mteja hawezi kulinunua. Anayenunua ngozi ameingia kwenye mnyororo uleule wa mfugaji, mchinjaji na kiwanda. Ila hata mteja wako amelirahisisha mno suala lenyewe. Ukiweka ngozi ya ng'ombe, ya punda, ya chatu na manyoya ya minki (kinyama cha nchi za baridi) kwenye kapu moja, huwezi kusema lolote la maana juu ya haki. Mimi naanza na swali moja: ngozi hii isingenunuliwa, mnyama angeishi? Ng'ombe wa Magu au Misungwi huchinjwa kwa sababu watu wanataka nyama, na ngozi ni sehemu ndogo sana ya bei yake. Minki hufugwa kwa ajili ya manyoya. Hiyo ni tofauti kubwa, na ndiyo inayokuruhusu kushona ngozi ya ng'ombe bila aibu. Lakini haikupi ruhusa ya kushona ngozi yoyote ya ng'ombe, maana baada ya swali la kifo lipo swali la namna mnyama alivyoishi.

Na hilo ngozi yenyewe inalijibu. Itandaze penye mwanga, upande wa nje juu, uisome kuanzia shingoni hadi matakoni. Alama kubwa ya chapa ya moto ubavuni au pajani inaonyesha mnyama aliunguzwa pale ambapo ngozi ni bora kuliko kote. Mfugaji angeweza kuweka hereni sikioni, au chapa ndogo shavuni au chini ya goti. Vitundu na makovu madogo madogo tumboni na kwenye kinena ni kupe, yaani josho halikufanya kazi au halikuwepo. Mistari mirefu mgongoni mara nyingi ni miiba, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Michomo iliyokusanyika nyuma, karibu na mkia, ni ya fimbo yenye ncha wakati wa kupakia kwenye lori. Madoa ya damu iliyovilia upande wa nyama maana yake aligongwa au alianguka muda mfupi kabla ya kuchinjwa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini si kila machinjio yana mtu wa kuisimamia. Wewe mnunuzi una nguvu ndogo lakini halisi: kataa ngozi za namna hiyo, au punguza bei na useme kwa nini unapunguza. Mfanyabiashara akisikia sababu ileile kwa mafundi wengi, taarifa itafika mnadani.

Dhambi nyingine haisemwi sana, nayo ni kupoteza ngozi ya mnyama aliyekwisha kufa. Ng'ombe amechinjwa, mchunaji ana haraka, kisu kinapita pembe mbaya, na ngozi inatoboka mara kumi. Kwa uchunaji mzuri, kisu chenye ncha kali hutumika kupasua mistari tu: kidevuni hadi mkiani, na ndani ya miguu. Baada ya hapo ni ngumi na kisu cha ncha ya mviringo, mnyama akiwa ananing'inia, si akiburutwa sakafuni. Ngozi ikishatoka, una kama saa nne kwa joto letu kabla bakteria hawajaanza kuila. Ngozi mbichi ya kilo 15 inataka chumvi ya mawe kilo 5 hadi 6, ipakwe upande wa nyama hadi kwenye kingo zote, kisha ngozi zipangwe juu ya sakafu yenye mwinamo ili maji yatiririke. Usirudie chumvi iliyotumika, maana inaleta madoa mekundu ya bakteria wanaopenda chumvi. Asiye na chumvi aiwambe kwenye fremu, kivulini, penye upepo. Kuanika chini juani ndiko kunakoua ngozi nyingi: juu inakauka haraka na kufunga, katikati inabaki mbichi na kuoza. Kwa macho huoni kitu. Utakuja kuona siku ikilowekwa kiwandani, tabaka zinapoachana.

Kisha kuna usindikaji, yaani kuigeuza ngozi mbichi kuwa ya kushona, na hapa mnyama anayeumia anaweza kuwa samaki wa ziwa hili. Sehemu kubwa ya ngozi duniani husindikwa kwa chumvi za kromiamu. Ni haraka, ngozi inakuwa laini, na kiwanda chenye mtambo mzuri wa kusafisha majitaka kinaweza kufanya hivyo bila kuchafua. Kisichokuwa nao humwaga kromiamu, chokaa na salfaidi (dawa ya kutolea manyoya) kwenye mfereji, na mifereji ya mji huu inashuka Ziwa Victoria. Njia ya pili ni tanini, dawa itokayo kwenye magome ya miti, na Tanzania tuna bahati ya miti ya miwati ya Njombe, inayokamuliwa kuwa unga wa mimosa. Kuzitofautisha ni rahisi. Kata ukingo uutazame: wa kromiamu una rangi ya kijivu au buluu ndani, wa magome ni kahawia hadi katikati. Ukiwa na shaka kwa sababu ya rangi, tumbukiza kipande cha sentimita 5 kwa 5 kwenye maji yanayochemka kwa dakika tatu. Cha kromiamu kilichosindikwa vizuri hakibadiliki sana. Cha magome hujikunja na kuwa kigumu.

Kwa makubazi yanayogusa mguu wenye jasho siku nzima, mimi nachagua magome. Kromiamu kwenye ngozi iliyosindikwa vibaya inaweza kugeuka kuwa aina yenye sumu inayosababisha mzio mwilini mwa mvaaji; Umoja wa Ulaya umeweka kikomo chake, miligramu 3 kwa kilo ya ngozi, tangu mwaka 2015. Ila msidanganyane kwamba maji ya magome ni chai. Tanini nyingi ikiingia ziwani hula oksijeni na samaki hufa vilevile. Karakana ndogo ichimbe shimo la kunyonya maji mbali na kisima, na isikae ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hizo mita 60 zimo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Na neno moja la uhai: maji ya chokaa na salfaidi yasikutane kamwe na maji ya asidi. Gesi inayotoka hunuka mayai viza, na ikiwa nyingi hufisha pua kwanza, halafu mtu.

Ngozi ninayoipigia debe kuliko zote kwa mji huu ni ya sangara. Huyu aliletwa ziwani miaka ya 1950, akala furu, samaki wadogo wa asili, kwa wingi, na leo minofu yake ndiyo inayoendesha viwanda vyetu vya samaki. Bondo (mfuko wake wa hewa) linasafirishwa Asia kwa bei ya juu, mapanki (mifupa na kichwa) yanakaangwa na kuliwa, ngozi inabaki ya mwisho kupata mnunuzi. Hakuna sangara anayevuliwa kwa ajili ya ngozi. Sharti langu ni moja: ukiletewa vingozi vya ukubwa wa kiganja, vimetoka kwa samaki waliovuliwa chini ya sentimita 50 zinazoruhusiwa. Virudishe.

Kwa kilo 5 za ngozi ya sangara, anza hivi. Chukua ngozi za siku hiyohiyo zilizokaa kwenye barafu. Zisizosindikwa leo zitiwe chumvi kilo 2. Kwangua nyama yote kwa mgongo wa kisu juu ya ubao, kwa sababu nyama iliyobaki huzuia dawa kupenya. Loweka kwenye lita 15 za maji yenye gramu 150 za chokaa kwa saa 24, ukigeuza kila baada ya muda, hadi magamba yatoke kwa kidole. Samaki hana manyoya, chokaa peke yake inatosha, salfaidi iache. Suuza, ondoa chokaa kwa gramu 100 za amonia salfeti, kisha osha mafuta kwa sabuni ya maji mara mbili au tatu. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, halafu wanalalamika pochi inanuka samaki. Kinachonuka ni mafuta yaliyobaki ndani yakichacha. Na kwa hatua zote hizi maji yasizidi nyuzi 30 za joto. Ngozi ya samaki haivumilii joto kama ya ng'ombe. Ukiipeleka kwenye maji ya moto, inageuka uji wa gundi.

Baada ya hapo, lita 10 za maji na chumvi gramu 800. Chumvi kwanza! Ngozi ikae humo dakika 20, ndipo umimine asidi ya fomiki gramu 50 iliyochanganywa na maji mara kumi yake, kwa awamu tatu. Ukitanguliza asidi, ngozi inavimba na nyuzi zinakatika, hakuna cha kuokoa. Acha hadi asubuhi, kisha ipunguze ukali kwa magadi ya kuokea kidogokidogo hadi pH (kipimo cha ukali wa asidi) ifike 4 au 4.5. Unga wa mimosa jumla kilo 1 hadi kilo 1 na robo, lakini siku ya kwanza tia robo yake tu, siku ya pili robo, siku ya tatu nusu iliyobaki. Ukitia wote kwa mkupuo, tanini hufunga juu na katikati hubaki ngozi mbichi. Kata kona uangalie: kahawia ikifika katikati, tia asidi kidogo ili tanini ishike, suuza, tia gramu 400 za mafuta ya ngozi yanayochanganyika na maji, kisha iwambe kwenye ubao kivulini. Ikiwa bado na unyevu kidogo, ivute kwa mikono pande zote hadi ilegee. Anayetaka kuona kwa macho kabla ya kuharibu mali aende Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT), kampasi ya Mwanza, wanakofundisha teknolojia ya ngozi.

Sasa ngozi za kukataa. Ya punda usiiguse. Mahitaji ya ngozi hiyo kwa dawa ya Kichina iitwayo ejiao yalifanya punda waibwe vijijini, na anayeumia kwanza ni mama aliyekuwa akimtumia kubeba maji. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022, na Umoja wa Afrika ukafuata Februari 2024. Chatu, mamba, chui na mbega ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kukutwa nazo bila kibali ni kesi nzito, na "nilirithi kwa babu" haisaidii. Najua vikundi vya ngoma vinapenda mapambo ya mbega, yale ya manyoya marefu meusi na meupe. Tumieni mbuzi mwenye manyoya marefu, au katani iliyotiwa rangi. Jukwaani hakuna atakayejua, na ngoma haipungui.

Manyoya ya minki na mbweha huku kwetu yanaingia kupitia marobota ya mitumba. Uingereza ilipitisha sheria ya kufunga mashamba ya wanyama wa manyoya mwaka 2000, na Denmark iliua minki milioni kadhaa mwaka 2020 kwa hofu ya korona, mashamba yakabaki matupu. Pale soko la mitumba la Mlango Mmoja, achanisha manyoya ya kola hadi chini: ukiona ngozi, ni mnyama, ukiona kitambaa kilichofumwa, ni plastiki. Choma unywele mmoja: wa mnyama hunuka nywele zilizoungua na hubaki majivu, wa plastiki huyeyuka kuwa kidonge kigumu. Koti la zamani halimuui minki mwingine, hilo nalikubali, ila kulivaa ni kulitangaza, na sioni baridi gani ya Mwanza inayolidai.

Wauza "leza" ya plastiki watakwambia yao haina damu. Ni kweli, haina. Ila ni plastiki itokanayo na mafuta ya petroli, imepakwa juu ya kitambaa, inapasuka na kubanduka kwa joto na unyevunyevu wetu, na haiozi ikifika dampo. Kiatu cha ngozi ya magome kinashonwa upya, kinabadilishwa soli, kinatumika miaka. Mimi naona kuvaa ngozi moja kwa muda mrefu ni heshima kubwa kwa mnyama kuliko kununua jozi nne za plastiki kwa kipindi hichohicho.

Kwa wateja, andika ukweli kwenye kikaratasi: mnyama gani, imesindikwa kwa nini, ilitoka wapi. Waislamu wana haki ya kujua kama bitana ni ya nguruwe. Itambue kwa vinyweleo vyake vinavyokaa vitatuvitatu, tofauti na vya ng'ombe vilivyosambaa sawasawa. Usiposema, umemkosea mtu hata kama mnyama hukumkosea.

Na yule dada aliyerudisha makubazi, usibishane naye. Mtengenezee katambuga: soli ya tairi, mikanda ya mpira au ya turubai. Hakikisha gundi ni ya dukani ya mpira, si ile ya kuchemsha ngozi na mifupa, na uzi usiupake nta ya nyuki, maana wengi walioacha nyama hata hiyo hawaitaki. Tumia mshumaa wa kawaida, ule mweupe. Kabla ya kuununua soma pakiti ujue ni parafini, kwa sababu mingine huchanganywa na mafuta ya wanyama.