Maswali yenu kuhusu Henry McNeal Turner

Mliosoma makala yangu kuhusu mbunge huyu mweusi wa bunge la jimbo la Georgia, Marekani, aliyefukuzwa bungeni mwaka 1868 pamoja na wabunge wenzake weusi, mmeniandikia kwa wingi. Haya ndiyo yaliyojirudia.

Utumwa ulikomeshwa 1865. Vipi mtu mweusi awe mbunge 1868?

Kwa kura. Mwaka 1867 Bunge la Marekani liliyaweka majimbo ya kusini yaliyoasi chini ya jeshi na kuwapa wanaume weusi haki ya kupiga kura. Turner, mchungaji aliyezaliwa huru South Carolina mwaka 1834, alizunguka Georgia akijenga chama cha Republican, na watu wa Macon wakampa kura zao.

Walifukuzwa kwa kosa gani?

Hawakuwa na kosa lolote. Wazungu walidai kuwa katiba ya jimbo inamruhusu mweusi kuchagua, lakini haisemi waziwazi kuwa anaweza kuchaguliwa. Wabunge wachache wa damu mchanganyiko wenye ngozi nyeupe waliachwa, maana ilishindikana kuthibitisha wana damu ya Kiafrika kiasi gani! Septemba 3, 1868, Turner alisimama akawaambia kuwa hatapiga magoti kuomba; amekuja kudai haki zake. Akawauliza: mimi ni binadamu au siye? Kama ni binadamu, basi nina haki za binadamu. Hotuba hiyo ningependa kila mwanafunzi wa siasa aisome. Wakamtoa vilevile, na viti vya waliofukuzwa wakapewa wagombea walioshindwa nao kwenye uchaguzi.

Hawakupigania viti vyao?

Walipigania, tena kwa damu. Siku chache baadaye Philip Joiner, mmoja wa waliofukuzwa, aliongoza msafara kwenda mkutano wa kampeni mjini Camilla. Wazungu wenye silaha wakaufyatulia risasi, na watu kadhaa wakauawa. Mwaka 1869 Mahakama ya Juu ya Georgia iliamua kuwa mweusi anaweza kushika wadhifa, lakini viti havikurudishwa. Ilibidi Bunge la Marekani lirejeshe Georgia chini ya jeshi ndipo, Januari 1870, waliporudi.

Kwa nini baadaye Turner alihimiza watu weusi wahamie Afrika?

Alikata tamaa na Marekani, na mimi simlaumu. Mwaka 1883 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria iliyokataza ubaguzi wa rangi katika treni na hoteli. Turner, wakati huo askofu wa kanisa la AME (African Methodist Episcopal), kanisa la Wamarekani weusi, aliilaani hukumu ile hadharani. Alizuru Sierra Leone na Liberia mwaka 1891, kisha Afrika Kusini mwaka 1898.