Amesaini, Halafu Ameghairi: Maswali ya Wenye Nyumba

*Mpangaji kasaini Jumamosi na kulipa kodi ya miezi sita, 250,000 kwa mwezi. Jumatatu ananiambia kahamishiwa kikazi Dodoma, anataka pesa yake yote. Nimrudishie? (Mama mwenye nyumba, Sinza)*

Yote hapana, mama. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haimpi mpangaji siku za kujifikiria baada ya kusaini. Ila na wewe usiikalie milioni moja na nusu nzima. Kifungu cha 73 kinakupa fidia ya hasara uliyoipata kweli, na kinatazama pia kama ulikuwa na njia ya kuipunguza. Kwa hiyo mpigie dalali leo leo. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja, kata 250,000 na gharama zenye risiti, kinachobaki mpe mwenyewe. Wapo wanaopangisha upya wiki inayofuata na bado wanashikilia kodi ya yule wa kwanza. Huko ni kula mara mbili, na hakimu hatakuelewa. Mkishakubaliana andikeni, msaini wote wawili, pesa itumwe kwa simu ili meseji ya muamala ibaki. Na funguo upokee kabla hujatuma.

*Mkataba wangu unasema anayeghairi harudishiwi hata senti. Si nimemaliza?*

Bado. Kwa kifungu cha 74, kiasi kilichotajwa mkatabani kuwa adhabu ni ukomo tu. Mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi hapo, na inaweza kuwa ndogo kuliko unavyotarajia. Ningekuwa wewe ningeandika: "Mpangaji akighairi kabla ya kuhamia, mwenye nyumba atakata kodi ya mwezi mmoja na kurudisha salio ndani ya siku 30." Sharti la namna hiyo linatetewa.

*Kasaini, hajalipa, funguo hajachukua, na simu hapokei.*

Mwandikie, hata kwa WhatsApp: asipolipa kufikia tarehe fulani, unapangisha kwa mwingine. Tarehe ikipita, pangisha. Unaweza kumdai, lakini kwa hasara ya wiki mbili mimi ningeishia ofisi ya serikali ya mtaa. Ukiamua kwenda mahakamani, hakikisha mkataba umelipiwa ushuru wa stempu (malipo ya serikali juu ya hati), asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka, maana bila hiyo haupokelewi kama ushahidi. Kwa nyumba ya 250,000 kwa mwezi ni shilingi 30,000.

*Anataka nimrudishie na pesa ya dalali.*

Amdai dalali mwenyewe aliyempa pesa. Kama hukuipokea wewe, haikuhusu.

*Anasema nilimwambia maji hayakatiki, kumbe yanatoka mara moja kwa wiki.*

Ulimwambia hivyo huku ukijua? Basi ridhaa yake ulipata kwa uongo, na sheria inamruhusu kuuvunja mkataba. Mrudishie yote, na mpangaji anayefuata mwonyeshe simtanki kabla hajashika kalamu.