Kufunga jipsamu darini peke yako: lifti ya bomba na kapi

Msimu wa korosho ukifunguka, Mtwara na Lindi wenye nyumba wanapata hela ya kumalizia na saidia fundi hawaonekani. Bodi ya jipsamu ya futi 4 kwa 8, unene milimita 9, ina kilo kama 20. Kazi si kuinyanyua. Kazi ni kuishikilia juu ikiwa imenyooka huku mkono mwingine unatafuta skrubu. Anayepanda nayo ngazi akiwa ameitwika kichwani huishia kuvunja kona, na bodi iliyovunjika kona haifichiki hata kwa skimu.

Kwa chumba kimoja, usihangaike na lifti. Piga miti miwili ya T kwa mbao ya 2x2, urefu wake ulingane na umbali kutoka sakafuni hadi kwenye blandaring, yaani fremu ya dari inayofungiwa bodi. Unene wa bodi wenyewe ndio utakaoikaza. Pigilia pia ubao ukutani, sentimita 2 chini ya blandaring, uchomeke ukingo wa bodi hapo kabla ya kusimamisha mti wa kwanza.

Nyumba nzima ni habari nyingine. Lifti hii inafanya kazi kama henza (kamba ya tanga) inavyopandisha foromali (boriti ya tanga) ya jahazi, na kapi zake zinafaa vilevile. Nunua bomba la mraba la 50x50 lenye unene wa milimita 2, na la 40x40, kila moja mita 1.6. Dogo linaingia ndani ya kubwa. Kwenye uso mmoja wa bomba kubwa kata mfereji wa sentimita 115, uanzie sentimita 5 kutoka chini. Zile 40 zinazobaki juu usiziguse, maana ndizo zinazolishika bomba dogo likiwa limepanda lote. Mfereji ukatwe kwa grainda vipande vipande, ukiacha bomba lipoe. Ukilikata mfululizo linapinda, na likipinda halitelezi tena.

Chomelea sikio chini ya bomba dogo, litokeze kwenye mfereji, ulifunge kapi. Kapi la pili likae juu ya bomba kubwa. Kamba ifungwe juu, ishuke kwenye kapi la sikio, ipande kwenye kapi la juu, kisha ije mkononi. Kwa njia hiyo unavuta karibu nusu ya uzito tu. Tumia waya wa milimita 4 au kamba isiyovutika. Ya nailoni hurefuka taratibu na bodi inaachia uwazi kabla hujamaliza skrubu za kwanza.

Bomba dogo linacheza milimita 3 kila upande. Linaonekana jambo dogo, lakini likishapanda, kichwa kinayumba karibu sentimita 2. Kata vipande vya plastiki ya dumu, uvibane kwa riveti pande za bomba dogo, upake grisi. Toboa matundu kila sentimita 10 kwenye nyuso zisizo na mfereji, upitishe kipande cha nondo ya milimita 10. Kamba ikikatika, nondo ndiyo inayookoa kichwa chako. Usiache kuiweka.

Kitako kiwe msalaba wenye miguu ya sentimita 70 kila upande, magurudumu ya mpira ya inchi 4. Madogo hukwama kwenye sakafu ambayo bado haijapigwa niru (saruji laini ya juu). Juu ya bomba dogo, weka boriti ya mita 1.6 yenye mikono miwili iliyoachana mita 1.4, ifungwe kwa bawaba mbili ili ilale upande wako. Hapo bodi unaipakia ikiwa imesimama, ukingo wake wa chini usawa wa kifua. Kulabu zinazoushika ukingo huo zitokeze milimita 7 tu. Zikizidi unene wa bodi zitagonga blandaring kabla ya bodi kufika. Ukishailaza, funga komeo upande wa pili. Bila komeo, bodi inajipindua ikiguswa tu na ncha ya blandaring.

Kulabu zikae upande wa uwazi, siyo upande wa ukuta au wa bodi iliyokwisha kufungwa. Kila moja ishikwe kwa bolti moja ili uigeuze chini unapofunga safu ya mwisho.

Urefu wa bodi ukatishe blandaring, ambazo ziachane sentimita 40. Wanaoweka 60 kuokoa mbao hupata dari lenye matumbo, hasa kwa unyevu wa pwani. Skrubu ya milimita 35 kwa mbao, 25 kwa chuma, kila sentimita 20, sentimita 1.2 kutoka ukingoni. Kichwa kizame bila kuchana karatasi. Misumari ya kawaida achana nayo: chumvi ya bahari inaitia kutu, na madoa ya kahawia yanapenya rangi.

Korido ya mita moja lifti haiingii. Huko rudi kwenye miti ya T.