Maswali ya Wasomaji: Kupanga Banda Matema, Ziwa Nyasa

Tuko sita: watu wazima wanne na watoto wawili. Tunataka kupanga banda ufukweni Matema, tujipikie wenyewe kwa siku nne. Twende mwezi gani, na tuulize nini kabla ya kutuma advansi? – Msomaji, Iringa

Machi hadi Mei msiende. Kyela, wilaya ilipo Matema, ni kati ya wilaya zenye mvua nyingi kabisa nchini, na ikifika Aprili mito inafurika, njia za pembeni zinakuwa tope, na maji ya ziwa karibu na midomo ya mito yanageuka kahawia. Juni mvua hupungua, lakini ndipo upepo wa kusini-mashariki unaposhika kasi, ule ambao wenzetu wa Malawi huuita mwera, nao husukuma mawimbi makubwa hadi ncha hii ya kaskazini. Sisi tungechagua Septemba au Oktoba. Mkibanwa na likizo za shule, nendeni Julai, ila safari yoyote ya mtumbwi iwe ya asubuhi na mrudi kabla upepo haujaamka.

Angalieni pia mbalamwezi. Usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, na asubuhi mtakuta ufukweni wachache tena kwa bei ya juu. Kama mnakwenda kwa ajili ya samaki, pangeni wiki ya mwezi mwandamo.

Kwa mwenye banda, msiishie kuuliza bei na vitanda. Ulizeni vyandarua viko vingapi, kwa sababu banda la vitanda sita huweza kuwa na vyandarua vinne, na Kyela ina malaria mwaka mzima. Bebeni viwili vya akiba, kamba ya mita kumi, na sindano na uzi; tundu la ukubwa wa shilingi linatosha kumpitisha mbu. Ulizeni kama mnaruhusiwa kupika, wapi, na kama sufuria zipo. Swali la tatu watu hulisahau: maji ya kuoga yanatoka wapi? Kama ni pampu kutoka ziwani, ulizeni yanakaa siku ngapi kwenye tenki kabla ya kutumika. Sababu mtaiona kwenye jibu linalofuata.

Kutoka Iringa mtakata kushoto pale Uyole, mpite Kiwira na Tukuyu. Viazi, maparachichi, ndizi na maziwa nunueni huko juu. Kuanzia Tukuyu mnateremka zaidi ya mita 1,000 hadi ziwani, lililo kwenye mita 475 hivi. Dereva atumie gia ndogo. Akishikilia breki mteremko mzima zinapata moto na kuacha kushika, hasa gari likiwa limejaa. Fedha taslimu toeni Kyela mjini.

Mchele nunueni Kyela, maana kuubeba kutoka nyumbani ni kujinyima. Robo tatu ya kilo inawatosha sita kwa mlo mmoja, kwa hiyo kilo tatu kwa siku nne mkila wali mara moja kwa siku. Maji ya kunywa hesabuni lita 3 kwa mtu mzima na moja na nusu kwa mtoto: lita 60 kwa safari nzima, yaani madumu matatu ya lita 20. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unapika zaidi ya saa ishirini, kwa hiyo utabaki. Ndani ya gari mtungi usimame wima, umefungwa, dirisha wazi kidogo.

Mume wangu anasema tusiguse maji kwa sababu ya kichocho. Jirani anasema ufukwe wa mchanga hauna kichocho. Nani mkweli? – Mama Watoto, Njombe

Jirani anakosea. Ni kweli kwamba konokono wa kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani, lakini Ziwa Nyasa lina pia konokono anayeishi kwenye mchanga wa ufukwe ulio wazi, na upande wa Malawi imethibitika kwamba anaeneza kichocho cha mkojo. Baba naye hajakosea, ila watoto watakaokaa siku nne mbele ya ziwa bila kuligusa hatujawaona.

Punguzeni hatari. Kaeni mbali na matete, mahali watu wanapofulia, na midomo ya mito, ambako kuna mamba pia. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, kwa hiyo asubuhi ni afadhali. Kujifuta kwa taulo upesi si kinga ya kutegemea. Maji ya kuoga yaliyochotwa ziwani yachemsheni dakika moja, au yaacheni yametulia kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili. Bila kumpata mtu, vijidudu hivyo hufa ndani ya muda huo.

Mkirudi, msikimbilie dawa kesho yake. Praziquantel, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa, na michanga huponyoka. Pimeni mkojo na choo baada ya wiki sita hadi kumi na mbili, hata kama hakuna anayeumwa. Homa yoyote baada ya safari ni ya kupimwa malaria siku hiyohiyo.

Mvua ikinyesha usiku, tunaweza kuingiza jiko la mkaa bandani na kuacha dirisha wazi? – Msomaji, Makambako

Hapana. Mkaa ulioiva, usio na moshi, ndio hasa unaotoa hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, mwili unalegea, na aliyelala haamki. Dirisha moja halitoshi. Pikieni barazani chini ya paa, na usiku jiko libaki nje hata kama linaonekana limezimika.

Vyungu vya Wakisi tulivyonunua vilipasuka siku ya kwanza jikoni. Vilikuwa vibovu? – J., Mbeya

Huenda vilikuwa vizima. Chungu kipya kina vitundu vinavyonyonya maji, na kikikutana na moto mkali ghafla, mvuke ulionaswa ndani hukipasua. Mkipita tena gulio la Jumamosi pale Lyulilo, jirani na Matema, gongeni chungu kwa kidole: kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Nyumbani kilowekeni usiku kucha, kikaushwe kivulini, kisha pikeni ndani yake uji mwepesi kwa moto mdogo kwa saa nzima. Wanga huziba vile vitundu. Kiachwe kipoe chenyewe juu ya mafiga, na kisitiwe maji baridi kikiwa cha moto.